Mlimani au Dodoma? Majibu kwa wanaochagua chuo

Nimechaguliwa UDSM (Mlimani, Dar) na UDOM (Dodoma), kozi ileile. Ada hazipishani sana. Niende wapi?

Basi achana na ada, hesabu pa kulala. UDOM, tangu ianze mwaka 2007, imejengwa ikiwa na hosteli nyingi. Mlimani ukikosa kitanda chuoni au hosteli ya Mabibo, utapanga Sinza au Changanyikeni, na wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hapo hujanunua godoro, jiko wala ndoo. Na boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, haliingii siku unayoripoti: usajiliwe kwanza, usaini, ndipo lisubiriwe. Anayekuja na nauli tu mfukoni atakopa chakula kwa wenzake.

Andika kodi, daladala, chakula, steshenari na safari za nyumbani, uzidishe kwa miaka yote ya kozi. Kisha linganisha mitaala: masomo ya mwaka wa mwisho, maabara, wiki za mafunzo kwa vitendo na nani anayekutafutia nafasi. Vikilingana, nenda kwenye gharama ndogo. “Mlimani ni Mlimani” haijawahi kulipa kodi ya mtu.

Kozi ipi ina ajira?

Kila msimu swali hili! Leta kozi mbili na alama zako za Kidato cha Sita, tutaongea.

Waajiri hawaangalii jina la chuo?

Baadhi ya kampuni binafsi huangalia. Serikalini, tangazo la Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada inayotakiwa, halafu unakutana na usaili wa kuandika. Jina la chuo halikujibii maswali. Cha kuogopa ni kozi yenye jina tamu ambalo halionekani kwenye tangazo lolote. Fungua matangazo ya zamani utafute jina hilo kabla ya kuomba. Uhandisi, hakikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaitambua programu hiyo. Sheria, jua kwamba baada ya LLB, yaani shahada ya sheria, anayetaka uwakili ana Shule ya Sheria: mwaka 2022 matokeo yaliyozua kelele nchini yalionyesha 26 tu wamefaulu moja kwa moja kati ya 633.

Nimepata udaktari chuo binafsi, mkopo ni nusu. Baba anasema tutauza shamba.

Shamba litalipa mwaka wa kwanza. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka wa intaniship. Mwaka wa tatu ada isipokamilika, unaweza kuzuiwa kufanya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), na shamba limeshakwenda. Mwombe baba aonyeshe pesa ya mwaka wa pili na wa tatu itatoka wapi. Akikosa jibu, angalia uuguzi au maabara chuo cha serikali. Pia kata rufaa Bodi ya Mikopo dirisha likifunguliwa, ukiwa na vyeti vya kuzaliwa au vya vifo vilivyohakikiwa RITA, wakala wa serikali unaovitoa. Vyeti visivyohakikiwa hukwamisha maombi mengi.

Nimethibitisha chuo kimoja, sasa nataka kingine.

Ingia akaunti yako ya udahili, batilisha uthibitisho kabla dirisha halijafungwa, kisha thibitisha kwingine kwa namba ya siri mpya. Likishafungwa, kinachobaki ni kuomba uhamisho, na huo unategemea nafasi na vigezo vya kozi unayoitaka. Namba hiyo usimpe mtu wa stationery.