Kornfleksi, Maziwa na Kipimo cha Saa Nne Asubuhi

SWALI: Nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia vidonge. Kila asubuhi saa mbili hula kornfleksi kwa maziwa, bila kuongeza sukari hata chembe, lakini nikijipima saa nne, kipimo cha sukari husoma milimoli 12 au 13 kwa lita. Jioni, baada ya mlo mzito zaidi, hakifiki 10. Je, niache maziwa?

JIBU: Maziwa unayasingizia, ndugu msomaji. Kikombe cha mililita 250 kina takribani gramu 12 za laktosi, sukari ya asili ya maziwa, ambayo huingia kwenye damu polepole. Na ukinunua yaliyoondolewa mafuta, laktosi hiyo inabaki palepale. Wa kuulizwa kwanza ni kornfleksi zenyewe. Mahindi yakishapikwa, yakabanwa kuwa vipande vyembamba na kuokwa, wanga wake humeng'enywa haraka mno, kiasi kwamba katika kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambacho glukosi hupewa 100, kornfleksi hukaribia 80, ilhali uji wa oti zilizobanwa tu hukaa karibu na 55. Kwa hiyo, kwenye pakiti, soma mstari wa wanga wote, wala usiridhike na ule wa sukari.

Pakiti hiyo pia huhesabu mlo mmoja kuwa gramu 30. Kesho weka bakuli tupu juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, kisha umimine kiasi unachokula siku zote. Usishangae ukikuta 60: hizo ni takribani gramu 50 za wanga, na maziwa bado hayajaingia.

Tofauti ya asubuhi na jioni nayo ina sababu. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni, kortisoli ikiwamo, ambazo huchochea ini kumwaga glukosi na kupunguza nguvu ya insulini, hivyo chakula kilekile huweza kupandisha sukari zaidi asubuhi.

Ningekushauri ujaribu gramu 40 za oti, zisiwe zile za kukorogwa kwa maji ya moto tu, pamoja na kikombe kimoja cha maziwa na yai au lozi chache pembeni. (Maziwa ya oti si mbadala mwepesi kama yanavyosifiwa, kwa kuwa katika kuyatengeneza wanga huvunjwa na kuwa sukari.) Jipime kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, kwa siku kadhaa; shabaha ya kawaida kwa watu wazima wengi ni chini ya 10. Iwapo vidonge vyako ni vya aina ya glibenklamidi, yaani vinavyosukuma kongosho kutoa insulini zaidi, zungumza na daktari kabla ya kupunguza wanga, kwa kuwa dozi ileile inaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Na ikiwa kipimo cha kabla ya kula huzidi 7.2 mara kwa mara, mpelekee namba hizo pia, maana hapo bakuli halina kosa.