Usipeleke hiyo barua ya kuacha kazi, nisome kwanza

Dada wa Buhongwa uliyeuliza humu, tulia hapo hapo. Mtumishi wa Mungu ameonyeshwa uache kazi kiwandani, mafao yote uyatumbukize kwenye biashara ya dagaa, na sasa unaomba ishara? Mimi nami mtumishi alinionyeshea dagaa, nikaomba ishara. Nikapewa.

Nilimwambia Mungu: kama ni wewe, kesho inyeshe. Ilikuwa Aprili, msimu wa mvua. Mwanza! Gideoni wa kwenye Biblia aliomba ngozi ilowe na ardhi ibaki kavu, kisha akageuza. Yangu hata mtoto wa chekechea angeitabiri. Ikanyesha, nikalia kwa furaha, nikampelekea mtumishi sadaka ya mbegu, ile unayotoa ukitegemea irudi imezidi, hela iliyobaki nikanunua mtumbwi, wavu, mashine na taa.

Mke wangu aliuliza kitu kimoja tu: "Umemuuliza baba mdogo?" Baba mdogo kavua dagaa Kayenze tangu enzi za karabai. Nikamjibu asinizuilie baraka. (Jibu hilo bado linatajwa nyumbani, hasa mboga ikiwa dagaa.)

Siku naanza kazi mwezi ulikuwa mpevu, umejaa kama sinia. Wavuvi wangu wako mchangani wanacheza karata. Nikauliza, mbona hamuingii? Wakatazamana. Dagaa hufuata taa, na taa huvuta penye giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika na kushona nyavu. Na anayepumzika anakula, kwa hela ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi. Tajiri ndiye mimi. Giza liliporudi tukapata, tena tukapata haswa, tukaanika mchangani, na ile mvua yangu ya ishara ikarudi. Siku mbili mfululizo. Ile harufu sikuelezi. Kule Mwaloni Kirumba, sokoni kwa dagaa, mnunuzi alichota kiganja, akanusa, akanitajia bei ya chakula cha kuku. Mwaka haukuisha, mashine nikaiuza kwa bei ya kutupa.

Mtumishi? Akasema imani yangu ilikuwa na tundu. Tundu lilikuwa mfukoni, baba! Mbegu yake haikuota wala haikurudi. Soma 1 Wafalme 13: nabii mzee anamdanganya mtu wa Mungu kwamba malaika kasema naye, mwenzake, aliyekatazwa na Mungu kula huko, anageuza njia, anakula, akitoka simba anamuua. Mzee mwenyewe hakuguswa, akabaki kuzika. Sura hiyo niliisoma wakati sina tena hata kasia.

Sisemi Mungu haongozi. Mithali 15:22 inataka washauri wengi, mimi nikadhani ni wale wa kukesha nami kwenye maombi. Neno likigusa mafao yako, kabla hujatoa hata shilingi, lipeleke kwa mtu anayeijua kazi hiyo na ambaye hapati chochote kwako. Baba mdogo angenigharimu soda moja. Wewe nenda mwaloni asubuhi, kaa na akina mama wanaoanika, waulize mvua ikiwakuta wanafanyaje na hasara anabeba nani. Ukitoka hapo ndio upige magoti, utakuwa na kitu cha kumwambia Mungu. Mtumishi akikasirika kwamba umeuliza, hapo ishara umeshapata, tena ya bure.

Uliuliza pia ufunge siku ngapi, hilo wengine humu watakujibu. Na huyo mchumba uliyemtaja, naye kaonyeshwa na mtumishi huyo huyo? Jibu hapa kabla ya Jumatatu.