Homecoming ya mwanao inakuhusu, usibaki kwenye gari

Mdogo wangu mmoja aliyehamia Texas mwaka huu kaniandikia: "Dada, shule imetuma tangazo kwamba Jumatatu watoto waende na nguo za kulalia. Wananitania?" Hawakutanii, mdogo wangu. Ndiyo wiki ya homecoming hiyo. Na kwa kuwa msimu huu ujumbe wa namna hii haukosi, nimeona niandike mara moja, yaishe.

Homecoming ni wahitimu wa zamani kurudi shuleni kwao, mechi ya futiboli ya Kimarekani Ijumaa usiku, kutangazwa kwa mfalme na malkia wa shule, na dansi Jumamosi. Vyuo bado vinagombania nani alianza: Baylor, hapa hapa Waco, walifanya ya kwao 1909, Illinois 1910, Missouri 1911. Wagombane wenyewe. Kinachokuhusu wewe ni siku za kabla ya mechi, kila moja na vazi lake: nguo za kulalia, siku ya mapacha (marafiki wanavaa sare), siku ya mitindo ya zamani, na Ijumaa rangi za shule.

Usinunue kitu. Siku ya miaka ya 70 nilichukua jinzi kuukuu ya binti yangu, nikaipasua kuanzia gotini kushuka chini, nikaingiza kipande cha kitenge, ikawa bugaluu kama walizovaa kina mjomba wakipiga picha studio. Walimu waliomba kuipiga picha. Narudia, usinunue kitu.

Kwa Texas kuna na hili la mum. Zamani lilikuwa ua halisi la krisanthemamu, msichana analibandika kifuani. Siku hizi ni la bandia, limezungukwa na riboni zinazoshuka mpaka magotini, kengele, dubu wa manyoya na jina kwa herufi za kung'aa, na likizidi uzito linaning'inizwa shingoni. Wavulana huvaa dogo lake mkononi. Ukiagiza kwa mafundi, dola mia na ushee zinakwenda hivi hivi. Sisi tulinunua vifaa duka la Hobby Lobby, tukakaa chini sebuleni na gundi ya moto, na katikati ya riboni nikapitisha vipande vya pindo la kanga. (Kanga yenyewe ilishachakaa, msinilaumu.) Ijumaa ile wasichana wanamwuliza binti yangu limeuzwa wapi.

Basi nikaweka picha kwenye grupu letu la WhatsApp. Dada mmoja akaandika kwamba kuna wazazi wanawafundisha watoto uzungu, halafu watakuja kulia. Hakutaja jina. Hakuna asiyejua. Mpaka leo tukikutana harusini tunasalimiana kwa mdomo tu.

Siku ile nilinyamaza, leo najibu. Nyumbani mtoto akimaliza kidato cha nne, hatukodi gari? Hatupiki pilau? Hatumvishi mashada ya plastiki mpaka uso hauonekani? Kule ni mahafali, hapa ni uzungu! Mtoto aliyekuja na miaka kumi hana mtaa hapa, hana binamu, hana madrasa ya jirani. Shule ndiyo mtaa wake.

Mwaka wa mwisho wa binti yangu shuleni wenzake walimpigia kura akaingia kwenye orodha ya malkia. Mapumziko ya mechi baba yake akamshika mkono wakaingia uwanjani, yeye na kanzu na koti, chini ya zile taa. Mtangazaji akalitafuna jina letu la ukoo mpaka sikulitambua. Taji alichukua mwingine, na alistahili, nasema hivyo kwa shingo upande.

Wazazi, tujitokeze. Tunawashusha watoto getini, tunasubiri garini na simu mkononi, kisha tunalalamika kwamba watoto wametubadilikia. Jitolee. Mimi niliuza nachos, zile chipsi za mahindi na jibini, kwenye kibanda cha wazazi, na huko ndiko nilikowajua mama zao wale marafiki ninaowasikia kwa majina tu. Kwa hiyo Jumamosi ya dansi nilijua nani anaendesha gari, wanakula wapi na wanarudi saa ngapi. Kina baba mnaosema "dansi hapana" bila hata kuuliza iko wapi, nendeni kwanza pale wanapokusanyika kupiga picha, msalimiane na wazazi wenzenu. Mkishawaona, kataeni mkitaka. Ila mjitokeze.

Tiketi za mechi nunueni mapema mtandaoni, viwanja vingi havipokei pesa taslimu mlangoni. Pochi iwe ya plastiki inayoonyesha vilivyomo. Mimi nilirudishwa kwenye gari na mkoba wangu wa ukili, robo ya kwanza ikanipita. Si kwamba ningeielewa.