Je, nifute vidakuzi vyote kila wiki?

SWALI: Kompyuta yetu ya nyumbani tunaitumia watu wanne. Hivi karibuni tovuti moja ya kukatia tiketi ilikataa kufunguka, ikawa inaonyesha kosa namba 400. Fundi alinishauri nifute vidakuzi vyote, nikafuta. Tovuti ilifunguka, lakini sasa kila ninapoingia naulizwa nywila upya, na kompyuta bado ni nzito. Je, niwe nafuta kila wiki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako aliutambua ugonjwa, ila dozi aliyokupa ilizidi. Hakuna haja ya kufuta vyote kila wiki.

Kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyosema, ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti kama Chrome, Firefox au Safari, ili ikutambue ukirudi. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ndiye aliyeyabuni mwaka 1994, kwa kuwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuituma kwako, haikuwa na njia nyepesi ya kujua kwamba aliyefungua ukurasa wa pili ndiye yule yule wa ukurasa wa kwanza. Kinafanana na kibati cha namba unachopewa mlangoni mwa supamaketi unapoacha mkoba: hakina jina lako, lakini mwenye nacho ndiye anayekabidhiwa mkoba. Ukitaka kukiona kwa macho, fungua tovuti yoyote kwenye Chrome, bonyeza F12, kisha uingie sehemu ya Application na ufungue Cookies. Utaona safu zenye jina la kidakuzi, mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka, anwani ya tovuti na tarehe ya kuisha muda wake.

Kila unapoomba ukurasa, kivinjari hupeleka vidakuzi vyote vya tovuti hiyo pamoja na ombi lako. Kidakuzi kimoja kinaweza kufika takribani baiti 4096, na seva nyingi, zikiachwa na mipangilio ya mwanzo, hukataa mzigo unaozidi kilobaiti 8 hivi. Kosa 400 lina sababu kadhaa, lakini linapotokea kwenye tovuti moja tu na likatoweka baada ya kufuta vidakuzi, kwa kawaida mzigo huo ndio uliozidi au kidakuzi kimojawapo kiliharibika. Kwa hiyo siku nyingine futa vya tovuti hiyo peke yake: katika Chrome bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, halafu ubonyeze alama ya pipa la taka; katika Firefox bonyeza alama ya kufuli, kisha uchague kufuta vidakuzi. Njia ya Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja iache kwa siku unayotaka kusafisha kila kitu, na usome kila kisanduku kabla ya kuthibitisha, kwa sababu baadhi ya vivinjari huweka nywila zilizohifadhiwa kwenye orodha hiyo hiyo.

Uzito wa kompyuta hautokani na vidakuzi. Anza kwa kupunguza vichupo (kurasa ulizofungua kwa pamoja) vilivyo wazi na programu-jalizi (vijiprogramu vya nyongeza kwenye kivinjari) usizozitumia.

Vidakuzi vinavyostahili kuzuiwa moja kwa moja ni vya wahusika wengine, yaani vile vinavyowekwa na kampuni za matangazo ndani ya tovuti isiyo yao, ili zikufuatilie kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari huvizuia tangu mwaka 2020, na Firefox tangu 2022 hukifungia kila kimoja ndani ya tovuti kilikowekwa. Google ilitangaza kuviondoa katika Chrome, kisha mwaka 2024 ikaacha mpango huo, hivyo vizuie mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha na usalama.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni hao watu wanne. Mkitumia akaunti moja, yeyote anayeketi hapo anaingia kwenye barua pepe yako bila nywila, kwa kuwa kibati chako kimebaki kwenye kompyuta. Mfungulie kila mtu akaunti yake ya Windows yenye nywila; wasifu tofauti ndani ya Chrome hautoshi, kwa maana hauna kufuli. Tena, unapomaliza kazi ya fedha, bonyeza kitufe cha kuondoka badala ya kufunga dirisha tu. Kufuta kidakuzi huondoa kibati kwenye kompyuta yako, ilhali kuondoka, kwa tovuti iliyotengenezwa vizuri, huiambia seva isiipokee tena namba hiyo, hata kama mtu alikwisha kuinakili.