Viwavi wa hariri 60 na mforosadi wa jirani: mradi gani wa sayansi utafaa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko kidato cha tatu huku Chamwino, mjomba kanipatia viwavi wa hariri kama 60 hivi, wametotolewa juzi tu, na jirani ana mforosadi mkubwa kakubali tuchume majani. Mwalimu wa bailojia anataka tupeleke mradi kwenye maonyesho ya sayansi. Wenzangu wanasema tuchore mzunguko wa maisha kwenye manila tubandike na vifuko vya hariri wanavyosokota basi, ila mi naona hiyo ni ya darasa la tano. Kuna wazo lingine? Halafu majani yakiisha naweza kuwapa mchicha? Mizani ya maabara yetu ni ile ya zamani ya kusogeza.

JIBU: Marahaba binti. Umeona vizuri, manila yenye yai, kiwavi, pupa na nondo majaji wameshaziona mpaka wamechoka, na ile siyo mradi ni mchoro. Mradi ni swali ambalo jibu lake hulijui mpaka upime.

Nianze na mchicha maana hapo ndo utawapoteza wote: hapana. Huyu mdudu chakula chake ni jani la mforosadi. Saladi anaweza kuitafunatafuna akiwa na njaa lakini hakui vizuri na wengi hawafiki kusokota kifuko. Kwa hiyo piga hesabu ya majani mapema, kiwavi mmoja mpaka amalize anakula gramu 20 hadi 25 hivi, mara 60 ni kama kilo moja na nusu, weka kilo tatu kwa sababu mengi yatanyauka na kutupwa. Na usidanganyike na wiki ya kwanza ukaona hawa mbona hawali, zaidi ya robo tatu ya chakula chote wanakula kwenye umri wa tano (umri ni kipindi kati ya kujivua ngozi mara moja na nyingine), ile wiki ya mwisho kabla ya kusokota, hapo utachuma asubuhi mchana jioni mpaka jirani aanze kukuangalia vibaya.

Sasa swali lenyewe. Wewe uko Dodoma, tumia Dodoma. Hewa yetu kavu, jani la mforosadi ukiliacha kwenye trei saa mbili tu limeshajikunja kama tumbaku, na kiwavi mdogo hanywi maji popote, maji yake yote yanatoka kwenye hilo jani. Wafugaji wanataka unyevu wa hewa asilimia 80 na zaidi kwa wadogo, na joto la nyuzi 25 mpaka 28. Joto tunalo, unyevu ndo shida. Kwa hiyo uliza hivi: kufunika viwavi wakiwa wadogo kunaongeza uzito wa kifuko baadaye?

Chukua maboksi manne ya viatu, kila moja viwavi 15, piga kura nani aende wapi usichague kwa macho maana mkono utapeleka wanene kule unakokupenda. Mawili yafunike kwa nailoni iliyotobolewatobolewa na pembeni weka vipande vya sponji vilivyoloweshwa, visiguse majani. Mawili acha wazi. Mengine yote yafanane: mti uleule, majani ya uzito uleule, saa ileile, chumba kilekile. Kwa nini manne na siyo mawili? Kwa sababu sisimizi wakivamia boksi moja usiku utabaki hujui ni sisimizi au ni ukavu. Wakishajivua ngozi mara ya tatu toa nailoni zote, wakubwa hawapendi joto la kufungiwa, wanaoza na kuhara. Kuanzia hapo wote wanaishi sawasawa, na kama vifuko vitatofautiana utajua faida ya utotoni imefika mpaka mwisho. Isipofika nayo ni jibu, usilibadilishe.

Mizani yako isikutishe. Kiwavi aliyetoka kwenye yai hafiki hata nusu miligramu, hata ukiwapanga wote 60 mizani haitastuka, kwa hiyo anza kupima umri wa tatu na pima boksi zima kwa pamoja kisha gawa kwa idadi. Akikomaa anafika gramu 4 au 5, yaani mara elfu kumi ya alivyozaliwa, chora hiyo kwenye grafu uone majaji watakavyosogea. Ukiwakuta wametulia wameinua vichwa kama wanaswali, hawajafa wala hawaumwi, wanajivua ngozi, usiwaguse wala usiwape majani kama siku nzima hivi. Wanafanya hivyo mara nne.

Wazo la pili ni la kemia na linatumia vifuko hivyohivyo, yaani mradi unazaa mradi. Uzi wa kifuko ni mmoja tu, mara nyingi mita 600 mpaka 900, umegandishwa kwa gundi inayoitwa serisini ambayo ni kama robo ya uzito wa ganda. Kata kifuko, toa pupa, kausha maganda, yagawe mafungu matatu ya kumi kumi (ganda moja lina kama gramu 0.3 au 0.4, kumi mizani yako inasoma). Fungu moja chemsha kwa maji matupu, la pili kwa maji yenye sabuni ya mche, la tatu kwa magadi yaleyale ya mlenda, kijiko kidogo kwa lita, nusu saa, mwalimu awepo. Suuza, kausha mpaka uzito usibadilike tena, pima uone fungu lipi limepoteza gundi zaidi. Mi nina fungu ninalolidhania ila sikwambii.

Acha vifuko kumi bila kukata upate nondo na mayai. Baada ya wiki mbili hivi watatoka, hawali kitu na hawawezi kuruka, wanapiga mabawa tu hapohapo.

Sasa maadui. Mimi kundi langu la kwanza lilikufa lote usiku mmoja, mtu alipuliza dawa ya mbu chumba cha pili akaacha mlango wazi, asubuhi nikakuta wamejinyonganyonga wametoa maji ya kijani mdomoni. Kwa hiyo hakuna dawa ya kupuliza, hakuna ya kuchoma, hakuna majani ya mwarobaini humo ndani. Na muulize jirani, mti uko karibu na shamba la zabibu? Kama wanapiga dawa huko upepo unaleta kwenye majani, chuma upande wa mbali, lisha viwavi wawili watatu wa ziada kwanza usubiri mpaka kesho yake. Jani lenye vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, usilioshe ukawapa likiwa bado na maji. Miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji yenye sabuni kwa ajili ya sisimizi, na meza isiguse ukuta, mjusi kafiri mmoja anamaliza boksi kabla hujaamka.