Fundi wa Dishi Anajibu: Kebo ya kijana wa mtaani au dishi langu?

SWALI: Mzee Fundi, salaam. Nina hoteli ndogo hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mchana nauza pilau na matoke, jioni wateja wanataka mpira. Nimenunua televisheni ya inchi 50 nikijiandaa na AFCON ya 2027, ile tutakayoandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Sasa kuna kijana wa mtaani anataka kunivutia kebo kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Anasema chaneli zote za michezo zimo, HD tupu, na mvua haisumbui. Kaka yangu aliye Boston naye anasisitiza kebo, eti dishi limepitwa na wakati. Juu ya paa nina dishi kuukuu aliloliacha mpangaji wa zamani. Nifuate lipi?
Mama Hoteli, Busia

JIBU: Mama, kaka yako hajakosea, ila anazungumzia Boston. Kule kampuni zimetandaza waya nyumba hadi nyumba kwa miaka mingi, ukikatika anakuja mtu na gari kuurekebisha. Hata hivyo, wapenzi wa michezo wa hukohuko Marekani waliendelea kufunga madishi, kwa sababu kuanzia 1994 hadi msimu wa 2022 aliyetaka mechi zote za Jumapili za NFL, ligi ya mpira wao wa Kimarekani, alizipata kwa DirecTV, kampuni ya dishi. Kwa hiyo anza na kuuliza nani ana haki ya kuonyesha mechi unazozitaka. Ligi ya Uingereza kwetu iko SuperSport, na ukiitaka kwa HD unaipata kwa dishi la DStv. Wateja wako wa Simba na Yanga wanataka Azam TV, nayo ni dishi pia.

Sasa huyu kijana. Muulize swali moja tu: hizo chaneli anazipata wapi kama si kwenye dishi lililo juu ya paa lake? Mvua ikizima lake, na wewe umezimika. Nimewahi kuona mtambo wa namna hiyo Tororo: dekoda tatu za nyumbani zimepangwa kwenye kabati la vyombo, na waya unatoka dirishani, unapita kwenye matawi ya mwembe kuelekea nyumba za jirani. Dekoda tatu ni chaneli tatu, basi. Mwenye nyumba akibonyeza rimoti kutafuta sinema, mtaa mzima unatazama sinema. Tena picha ilikuwa inatolewa kwenye dekoda kwa ule waya wa njano, ikasukumwa kwenye kisanduku kinachoigeuza iwe kama ya antena ya zamani. HD ilikuwa imekufa kabla haijafika dirishani.

Na umeme? Waya mrefu hauendi bila kikuza mawimbi, na kikuza mawimbi kinakula umeme wa kwake. Ukikatika kwake, jenereta yako itawasha televisheni itakayokuonyesha chengachenga. Dishi lako mwenyewe halina shida hiyo. LNB, kile kichwa kinachoning'inia mbele ya dishi, hulishwa umeme na dekoda kupitia waya uleule unaoleta picha. Jenereta ndogo ikibeba dekoda na televisheni, umemaliza. Sijagusa bado habari ya wizi wa matangazo: siku wakaguzi wakifuata ule waya, watakuta mwisho wake uko hotelini kwako, na mabango ya soda ukutani.

Ningekuwa najibu mtu wa Kampala ambaye kampuni yenye leseni imemfikishia faiba mlangoni, ningemwambia akae aifikirie. Wewe funga dishi.

Mvua itakusumbua, nisikufiche. Mawimbi yanashuka kutoka setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na matone makubwa yanayameza yakiwa yameshachoka. Ubaya ni kwamba masika yetu ni Machi hadi Mei, wakati uleule ubingwa wa Uingereza unapoamuliwa, na mechi za Jumamosi saa kumi na moja jioni zinakutana na mawingu ya ziwa. Wingu zito likipita, picha inarudi, mara nyingi chai haijapoa. Dawa yake ni ukubwa. Dishi la sentimita 90 linavuna mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na ziada hiyo ndiyo unayoila mvua inaponyesha. Siku ya kufunga, mwambie fundi afungue ukurasa wa mawimbi kwenye dekoda, usome mwenyewe. Kuna nguvu na kuna ubora. Wengi wanatazama nguvu wakaridhika; wewe mbane kwenye ubora, asogeze dishi kidogokidogo mpaka namba igome kupanda, ndipo akaze nati.

Jambo jingine la kwetu sisi wa Ikweta. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Busia iko kwenye 34, kwa hiyo setilaiti iko karibu utosini mwako. Dishi halisimami likatazama upeo wa macho kama unavyoona kwenye picha za Ulaya. Linalala chali kama sinia. Linakusanya majani, vumbi na maji. Mwaka jana nilipanda paa la mteja aliyelalamika wiki nzima kwamba kifurushi kimekatwa, nikakuta kilo nzima ya majani ya mwembe yaliyolowa na kunguru ameanza kiota. Nilifagia kwa mkono, nikashuka, nikala chapati. Kwa hiyo dishi liwe mahali ngazi inafika. Waya ukikaribia LNB uachiwe tumbo, ushuke kwanza ndipo upande, maji yadondokee pale chini badala ya kutambaa hadi ndani ya konekta. Dishi la Azam unaliangaliza magharibi na linasimama kidogo, kwa hiyo usimruhusu fundi akwambie dishi moja linatosha kwa zote mbili.

Ukiona picha inapotea dakika chache mchana mkavu, mnamo saa sita na nusu, karibu na tarehe 20 Machi au mwishoni mwa Septemba, usiniite. Ni jua limepita nyuma ya setilaiti. Litasogea.

Umefunga, umelipa, picha bado ni uji? Chungulia nyuma ya televisheni. Kama kuna nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zing'oe uweke waya mmoja wa HDMI. Ule wa njano haubebi HD hata ulipie kifurushi cha juu kabisa. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, HD kamili ina 1920 kwa 1080, hizo ni mara tano. Kwenye inchi 50 tofauti unaiona kwenye nyasi na kwenye namba mgongoni mwa mchezaji. Hakikisha pia dekoda yenyewe ni ya HD, na kwamba uko kwenye chaneli ya HD, kwa sababu chaneli ya kawaida haigeuki kwa kuwa televisheni ni kubwa.

Antena za GOtv na StarTimes ni rahisi na mvua haizitishi sana, lakini chaneli za HD za michezo huko ni za kuhesabu. Kwa hoteli yako sizipendekezi.

Hili wengi hawapendi kulisikia: wewe una biashara. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshwa wateja. Kuna vifurushi vya biashara, bei yake ni nyingine, uliza kwa wakala kabla hujaandika ubaoni "Mpira leo".

Lile dishi la mpangaji usilitupe. Lipime kwa futi ya fundi cherehani, ukingo hadi ukingo. Likifika sentimita 80 na halijapinda, lipige brashi ya waya, nunua LNB mpya na waya mpya wa shaba, mlingoti uzikwe kwenye saruji wima kabisa. Ukilikuta limebonyea katikati kama sufuria iliyokaliwa, mpe mwenye kuku, atawekea maji.