Kabla hujanunua hisa za kampuni ya simu ya serikali

Mkutano mkuu wa kwanza wa wanahisa niliohudhuria ulichukua saa tatu, na kura zenyewe hazikumaliza hata robo saa. Tulikuwa mamia ukumbini, kila mmoja na kadi yake. Mwenyekiti alisoma pendekezo, tukainua kadi, kisha akageukia mstari wa mbele alikoketi kijana mwenye faili la bluu. Kijana akaitikia kwa kichwa. Limepita. Yule ndiye aliyetumwa na serikali, na hisa alizoziwakilisha zilizidi za kwetu sote kwa pamoja. Tulipofika kwenye gawio, mzee aliyekaa kando yangu hata kadi hakuigusa. "Mwanangu," akaninong'oneza, "sisi humu ni wageni waalikwa. Mtazame yule."

Nilizinunua hisa zile kwa hoja moja tu: serikali haifilisiki. Nilijiona nimepata mbia asiyeweza kuanguka. Nimezishika miaka tisa sasa, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema, kabla sijatia saini fomu ya dalali.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni asilimia. Serikali ina ngapi? Ni swali zuri, ila jibu lake linaweza kukupoteza. Mwaka 2010 kampuni ya Telefónica ya Uhispania ilitaka kununua sehemu ya Portugal Telecom katika Vivo, kampuni ya simu za mkononi ya Brazili, kwa euro bilioni 7.15. Wanahisa wa Portugal Telecom, kampuni ya simu ya Ureno, walipiga kura, karibu robo tatu wakakubali. Serikali ya Ureno ikaizuia biashara ile kwa kutumia hisa zake 500 katika kampuni hiyo. Hujasoma vibaya: mia tano, zile ziitwazo hisa za dhahabu, zenye haki ambayo hisa zako na zangu hazina. Siku chache baadaye Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba haki hizo zinavunja sheria za Umoja wa Ulaya, na kabla mwezi haujaisha biashara ikafanyika kwa euro bilioni 7.5. Mwenye kuhesabu asilimia peke yake asingeliona lile zuio likija.

Indonesia wamekwenda mbali zaidi. Telkom ina hisa moja ya pekee iitwayo Dwiwarna, mali ya serikali, na hiyo moja ina sauti katika kuteua na kuondoa wakurugenzi na katika kubadili katiba ya kampuni. Japani kwa miaka mingi iliandika katika sheria kwamba serikali isishuke chini ya theluthi moja ya hisa za NTT, kampuni yake ya simu. Kisha kuna hali ya kinyume: Safaricom ilipoingia sokoni mwaka 2008, serikali ya Kenya ilibaki na asilimia 35, lakini Vodafone ilikuwa na 40, kwa hiyo serikali ilikuwa na mbia mkubwa mwenzake wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo ifungue katiba ya kampuni, au ule waraka uliotolewa hisa zilipouzwa kwa umma, uende moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza aina za hisa. Inachosha, najua. Mimi nilikuja kuisoma mwaka wa nne, na nikakuta kifungu kinachompa waziri mamlaka ya kumthibitisha mkurugenzi mtendaji hata serikali ikiuza hisa zake hadi chini ya nusu. Usisahau pia kujumlisha. Katika Deutsche Telekom, serikali ya Ujerumani inashika sehemu kwa jina lake na sehemu nyingine kupitia benki yake ya maendeleo, KfW. Katika Singtel utaona jina la Temasek, na Temasek ni kampuni ya uwekezaji iliyo mali ya Wizara ya Fedha ya Singapuri. Mfuko wa pensheni, shirika la uwekezaji, benki ya umma: majina tofauti, mfuko mmoja.

Ukishajua nani anaweza kuteua, tazama ameitumiaje nguvu hiyo. Novemba 2004 serikali ya China iliwahamisha wakuu wa kampuni zake za simu kwa mpigo mmoja: wa China Mobile akaondolewa kwenda China Telecom, wa Unicom akaenda China Mobile, na nafasi ya Unicom ikajazwa na mtu kutoka China Telecom. Hizo ni kampuni zinazoshindana, zote zenye wanahisa wa nje. Fikiria kocha wa timu yako anaamka asubuhi akiwa kocha wa mahasimu, na daftari la mbinu yuko nalo kichwani. Ujerumani nako, Ron Sommer alijiuzulu uongozi wa Deutsche Telekom Julai 2002 baada ya shinikizo la serikali, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, hisa zikiwa zimeporomoka na wanahisa wadogo, ambao ni wapigakura, wakiwa na hasira. Katika kampuni yangu tulipata wakurugenzi watendaji watatu ndani ya miaka minne. Kila mmoja alikuja na mpango mkakati wake, wenye jalada zuri kuliko uliotangulia. Siku hizi nikipata taarifa ya mwaka naangalia kwanza mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji wameingia lini, halafu nahesabu wajumbe wa bodi ambao bado ni watumishi wa wizara.

Sasa madeni, maana hapa ndipo pesa yangu ilipozama.

Mauzo yalikuwa yakipanda kila mwaka. Faida ilikuwapo. Gawio halikuwapo. Nilidhani kuna mtu anaiba, na nikaanza kuwa yule mjomba anayelalamika kwenye kila sherehe ya familia. Mwishowe rafiki yangu mhasibu alinikalisha, akafungua kurasa za nyuma za hesabu, yale maelezo ya herufi ndogo yanayofuata baada ya picha za wafanyakazi wanaotabasamu. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa wadaiwa. Mdaiwa mkubwa alikuwa serikali: wizara, polisi, hospitali, vyuo. Wote wanatumia laini na intaneti, wote wanatumiwa ankara, na ankara ikishatoka huandikwa kama mapato. Pesa yenyewe inasubiri bajeti ijayo, na bajeti ijayo inasubiri nyingine. Mteja wa kawaida asipolipa unamkatia siku ya pili. Nani atakata simu za makao makuu ya polisi? Nani atamkatia waziri aliyemteua?

Kuna kichekesho ndani yake. Katika nchi nyingi kodi ya ongezeko la thamani hudaiwa ankara inapotoka, hata kama mteja hajatoa senti. Kwa hiyo kampuni inakopa benki ili iilipe serikali kodi ya huduma ambayo serikali hiyohiyo haijailipia. Riba ya mkopo ule tunaibeba sisi wa kadi za kuinua.

Kwa hiyo usiishie kwenye mstari wa faida. Weka taarifa ya mtiririko wa fedha pembeni yake uzilinganishe kwa miaka mitatu au minne. Faida ikipanda huku fedha taslimu kutoka kwenye shughuli za biashara zikisinyaa, nenda kwa wadaiwa, utazame umri wa madeni na kiasi kilichotengwa kwa ajili ya yale yasiyotarajiwa kulipwa. Tengo likiwa dogo huku madeni ya serikali yakizeeka, uongozi unakuambia kwamba serikali hulipa daima. Waulize hulipa lini. Na usitegemee kila muamala uwe umeandikwa. Kiwango cha kimataifa cha hesabu, IAS 24, kinazipa nafuu kampuni zinazodhibitiwa na serikali: hazilazimiki kueleza kila muamala zinaoufanya na taasisi za serikali hiyo, ila ile mikubwa tu. Nafuu hiyo ina sababu, maana kampuni ya simu inaweza kuwa na ofisi za umma elfu kadhaa kwenye orodha ya wateja. Wewe msomaji ndiye unayebaki gizani kidogo.

Kuhusu bei za huduma nitasema machache. Machi 2017 Waziri Mkuu wa China alitangaza bungeni kwamba mwaka huohuo kampuni za simu zitafuta gharama za ziada za kupiga simu za mbali na za kutumia laini ukiwa mkoa mwingine ndani ya nchi (roaming). Zikafutwa. Kama mtumiaji wa simu ningeshangilia. Kama mwanahisa ningetaka kujua iwapo bodi iliulizwa.

Tena uwe mwangalifu siku serikali inapokuuzia. Muuzaji wa hisa hizi anaijua kampuni kuliko wewe, ndiye anayeandika sheria za sekta yake, na anachagua siku ya kuuza. Wajerumani waliuziwa hisa za Deutsche Telekom mwaka 1996 kwa marki 28.50, kwa matangazo ya televisheni ambayo nchi nzima iliyakariri. Awamu ya Juni 2000 iliuzwa kwa euro 66.50, mwaka 2002 hisa hiyo ilishuka chini ya euro 10. Australia waliuza Telstra mwaka 1997 kwa dola 3.30, wakauza tena 1999 kwa dola 7.40, na walipouza awamu ya tatu mwaka 2006 bei ilikuwa 3.60. Utagundua kwamba walioumia ni wa awamu ya pili na kuendelea, watu walioona jirani amepata. Mimi? Awamu ya pili, bila shaka.

Nisije nikaonekana nachukia mali ya umma. Norway inamiliki zaidi ya nusu ya Telenor, na watu wananunua hisa zile bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu serikali yake imeandika wazi inachotarajia kama mmiliki na husema kupitia mkutano mkuu. Haina maana kwamba haiingilii. Mwaka 2015, katika sakata la VimpelCom, kampuni ambayo Telenor ilikuwa na hisa na iliyokuwa ikichunguzwa kwa hongo nchini Uzbekistan, waziri alisema hadharani kwamba hana imani tena na mwenyekiti wa bodi, na mwenyekiti akaondoka. Angalau kila mwanahisa alisikia sababu siku moja na mwenzake. Kule kwetu mwenyekiti aliondoka Ijumaa usiku, na sababu tukaisoma Jumatatu kwenye barua ya mistari miwili.

Vilevile mnara kwenye kijiji chenye kaya chache ni kazi njema. Hakuna mfanyabiashara atakayeupeleka kwa hiari yake. Swali la mwanahisa ni nani anaulipia. Ukilipwa na mfuko wa huduma kwa wote, ule wa kufikisha mawasiliano pasipo na faida, au kwa mkataba ulioandikwa kati ya kampuni na serikali, ni biashara. Ukitokana na simu iliyopigwa kutoka wizarani, ni gawio lako lililosimamishwa kilimani. Nililiuliza hilo mkutano mkuu wa mwaka wa saba. Mwenyekiti alinishukuru kwa uzalendo wangu, akahamia ajenda inayofuata.

Hisa bado ninazo. Sijaongeza, sijauza. Mwaka juzi sehemu ya deni ambalo kampuni yenyewe ilikuwa ikidaiwa na serikali ilibadilishwa kuwa hisa mpya za serikali, na sehemu yetu sisi wengine ikapungua bila hata mmoja wetu kuuza kitu. Mwaka huu taarifa ilipofika nilianza na kurasa za nyuma. Madeni ya serikali yaliyozidi mwaka mmoja yamepungua kwa mara ya kwanza tangu nianze kuyafuatilia, na mkurugenzi mtendaji ni yuleyule wa mwaka jana. Nimeweka alama kwa penseli kwenye kurasa zote mbili, na nimeshathibitisha kwamba nitahudhuria mkutano.